Kujihurumia humwinua mwanafunzi aliyefeli

MATOKEO ya mtihani yanapobandikwa, si kila mwanafunzi aliyeanguka hulia hadharani. Wapo wanaojifungia chumbani, wasipokee simu, huku wakijiita wajinga waliowaaibisha wazazi. Unyonge huo ukidumu, huwafanya wamkwepe hata mwalimu ambaye angewasaidia.

Hao ndio wanaolengwa na mafunzo ya kujihurumia. Msomaji asidhani kuwa ni kujililia. Anayejililia hujiona ndiye pekee aliyepatwa na balaa; anayejihurumia hukumbuka kuwa kushindwa humpata kila binadamu. Hiyo ni moja ya nguzo tatu alizoeleza mwaka wa 2003 mwanasaikolojia Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani. Nyingine ni kujisemesha kwa upole, na kuyatambua maumivu bila kuyaficha wala kuyatia chumvi.

Katika zoezi moja, mwanafunzi huandika maneno anayojiambia anaposhindwa. Kisha huandika yale ambayo angemwambia rafiki wa dhati aliyefikwa na mkasa uo huo. Aghalabu hushangaa mwenyewe jinsi karatasi hizo mbili zilivyo mbalimbali.

Wazazi watauliza, na wana haki: je, huku si kulea uzembe? Mwaka wa 2012, watafiti Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwapa wanafunzi mtihani mgumu wa msamiati. Baadhi yao waliambiwa kuwa wengi hutatizwa na mtihani kama huo, hivyo wasijihukumu vikali. Hao ndio waliodurusu kwa muda mrefu zaidi kabla ya mtihani wa pili. Ajabu ni ndogo hapo, kwani aibu humtaka mtu ajifiche, na aliyejificha hawezi kuulizia hesabu iliyomshinda.

Utafiti mwingine, wa mwaka wa 2014, uliwashirikisha wanafunzi wa kike 52 wa chuo kikuu. Kundi moja lilifunzwa kujihurumia katika vikao vitatu, jingine likafunzwa kupanga muda. La kwanza lilipata matumaini zaidi, na tabia ya kuwazia makosa usiku na mchana ikapungua.

Hata hivyo, Profesa Paul Gilbert wa Uingereza, aliyebuni tiba inayotumia huruma kwa watu wenye aibu nyingi, ameonya kwamba waliolelewa kwa ukali huweza kuuogopa upole wenyewe. Hao huhitaji kuanza polepole. Naye mwanafunzi asiyelala, asiyekula au anayetaja kifo apelekwe hospitalini bila kungoja mafunzo yoyote.