Una Jozi Mbili Ndogo Kwenye Poka? Hivi Ndivyo Zinavyowatoa Watu Mashindanoni

Leo tuongelee kosa moja la poka linalowatoa watu wengi kwenye mashindano, tena wakiwa na karata nzuri mkononi.

Huku kwetu Kang'ata, Handeni, karata si kitu kigeni. Poka nayo sasa ipo kwenye simu, na unaweza kucheza mashindano ya chipu za bure bila kutoa hata shilingi mia. Shida ni mazoea. Kwenye arubastini saba ni karata kubwa. Ina pointi 10, inazidiwa na ree peke yake yenye 11, wakati mzungu wa nne, yaani K, ana 4 tu. Kwenye poka mambo yamegeuka. Saba ni karata ndogo, na K yuko juu yake sana.

Blaindi ni nini?

Kwenye Texas Hold'em kila mchezaji anapewa karata 2 za siri. Halafu karata 5 zinafunuliwa mezani: kwanza 3 kwa pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano. Mwenye karata 5 bora ndo mshindi.

Kabla ya kugawa, watu wawili wanatoa dau la lazima. Hawa ndo blaindi ndogo na blaindi kubwa. Ukiwa blaindi kubwa umeshalipa tayari, kwa hiyo mtu akipandisha dau unaongezea kidogo tu kuziona zile karata 3. Ndo maana blaindi wanaingia na karata dhaifu. Ubaya wake ni kwamba, karata zikishafunuliwa, wewe unaanza kuamua na mwenzako anakuangalia.

Tuchukue mfano

Una chipu 25,000. Blaindi ni 500 na 1,000, na wewe ndo umeweka 1,000. Jamaa wa nafasi ya mwisho anapandisha mpaka 2,200. Blaindi ndogo anatupa karata. Wewe una 7 na 4 za kopa. Unaongeza 1,200, mezani panakuwa na 4,900.

Zinafunuliwa K, 7 na 4, kila moja aina yake. Una jozi mbili! Ukiwa na karata mbili tofauti, hii inatokea kama mara 1 kati ya 49. Moyo unadunda, unaanza kuwaza utege vipi.

Usitege. Sikiliza kwanza hesabu.

Tuseme jamaa ana ree na K. Wewe unaongoza, na utashinda mara 3 kati ya 4. Hiyo robo yake inatoka wapi?

1. Ikija ree, anapata jozi mbili kubwa kuliko zako.
2. Ikija K, anakuwa na K tatu.
3. Mezani pakitokea jozi nyingine, mfano 9 na 9, zile 4 zako zinakufa. Wewe unabaki na jozi za 9 na 7, yeye ana K na 9. Anakupiga bila hata kuongeza karata yake.

Hiyo ya tatu ndo watu hawaioni. Wanasema "nilikuwa na jozi mbili, nimeibiwa". Hujaibiwa. Jozi ndogo zinafutwa na meza yenyewe.

Na wewe kupata saba nyingine au nne nyingine ili uwe na fulu hausi? Zimebaki karata 4 tu. Kwa karata mbili zijazo, nafasi yako ni kama asilimia 16.5. Si ya kutegemea.

Zicheze kama nyanya za gulioni

Jozi mbili ndogo ni kama tenga la nyanya. Asubuhi zina bei, jioni zimelainika. Kwa hiyo uza mapema.

Pita kwanza, mwache jamaa aweke dau lake. Akiweka 2,000, pandisha mpaka 6,000. Mwenye K na J, K na Q, au ree mbili atakulipa, kwa sababu naye anaona yuko vizuri. Akifuata, mezani panakuwa na 16,900 na wewe umebakiwa na 16,800.

Sasa angalia karata ya nne. Ikija 2, hakuna kilichobadilika, endelea kuweka. Nusu ya mzigo wa mezani inatosha, na hata kuweka zote si kosa. Ikija K, simama hapo hapo. Pita. Akiweka dau dogo unaweza kufuata mara moja. Akiweka zote, tupa karata, hata kama inauma.

Kutupa huko ndo mtihani wenyewe. Wengi wanategea mapema, wakati karata zao zina nguvu, halafu wanang'ang'ania mwishoni zikiwa zimeshakufa. Yaani wanafanya kinyume.

Meza za kuogopa

Si kila jozi mbili unaziuza hivyo. Tuseme una 8 na 7, mezani zimekuja 9, 8 na 7, zote za shupaza. Hapo mwenye J na 10, 10 na 6, au 6 na 5 ana mfuatano tayari. Mwenye shupaza mbili naye ameshakupita. Fuata dau dogo kama bei inaruhusu, usipandishe.

Ongeza tahadhari pia mkiwa watu wanne au watano mmeingia kwa bei ya chini. Hakuna aliyepandisha, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuwa na karata yoyote.

Mashindano si meza ya kawaida

Kwenye meza ya pesa ukiishiwa unanunua chipu nyingine. Kwenye mashindano, muda wa kununua tena ukipita, chipu zikiisha umetoka. Kama wanalipwa 9 na mmebaki 10, chipu unazopoteza zinauma kuliko zile unazopata. Hapo usigombane na mwenye rundo kubwa kwenye meza ya kuogopa.

Ila kama umebakiwa na chini ya blaindi kubwa 10, na meza ni kavu kama ile ya K, 7 na 4, usifikirie mara mbili. Weka zote. Nafasi kama hiyo hutaipata tena haraka.

Mwisho, kwa Tanzania michezo ya kubahatisha ya pesa ni ya wenye miaka 18 na kuendelea, na inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Anza na chipu za bure. Siku ukiweza kutupa jozi mbili bila kununa, hapo ndo umeanza kuijua poka.