Kushuka Maguu kwa baiskeli, kichwa kikiwa salama

Huku Maguu baiskeli ina safari mbili. Kupanda unaisukuma, jasho linakutoka, na kofia ngumu hapo ni mzigo tu. Kushuka ndiko kwenye maneno. Milima ya Umatengo haina mzaha: nyuma gunia la kahawa, mbele kona, na masika yakianza raba za breki zinateleza kwenye ringi ya chuma iliyolowa. Ndiyo maana mimi huvaa, hata vijana wa kijiweni wakiniuliza, "Mzee, pikipiki umeiacha wapi?"

Wanachanganya mambo. Kofia ya bodaboda ni nzito na inapika kichwa. Ya baiskeli ni nyepesi, ina matundu ya hewa, na ndani ina povu gumu jeupe. Ukianguka, povu linabonyea na kupasuka, likimeza kishindo ambacho kingekwenda kwenye fuvu. Likishabonyea halirudi, kwa hiyo kofia iliyokwisha kupigwa chini ni ya kutupa. Ukiikuta mnadani, ikague ndani kwanza.

Isikudanganye, lakini. Kipimo cha Ulaya huijaribu kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa; kugongwa na fuso ni habari nyingine. Jimbo la Victoria, Australia, liliilazimisha kwa sheria mwaka 1990. Waholanzi wengi hawavai, ila wao wana njia zao za baiskeli, na nchi yao ni tambarare. Sheria ya namna hiyo huku nisingeitaka: asiye na hela ya tairi atanunuaje kofia? Huyo aanze na raba mpya za breki.