Kuitafuta Picha kwa Sura Yake

Tuseme mmoja wenu ana picha ya ndege asiyemjua jina. Atapataje picha nyingine za ndege huyo, naye hana neno hata moja la kuulizia? Hapana budi aitafute picha kwa sura yake.

Kompyuta haioni kama sisi, bali huhesabu. Huigawa picha katika vidoa vidogo sana, ikahesabu vingapi ni vyekundu, vingapi vya kijani, na kadhalika. Mwaka 1991 Swain na Ballard walionyesha ya kuwa hesabu hiyo yaweza kutambulisha vitu vingi. Picha zenye hesabu zinazokaribiana huhesabiwa kuwa zafanana.

Picha zote zikiwa mahali pamoja, kazi ni nyepesi. Lakini mwenye orodha akianguka, wote wamepotewa. Napster, iliyoanza mwaka 1999, iliweka orodha yake ya nyimbo mahali pamoja; baada ya amri ya mahakama ya Marekani ilizimwa mwaka 2001. Gnutella ya mwaka 2000 haikuwa na mkuu: kila kompyuta iliuliza jirani zake, nao wakauliza jirani zao, mpaka njia zikajaa maswali.

Mwaka 2002 Maymounkov na Mazières walieleza mpango uitwao Kademlia. Kila kitu hupewa namba, na kila kompyuta hutunza vitu ambavyo namba zake zi karibu na namba yake yenyewe. Hata kompyuta zikiwa milioni moja, hatua ishirini hivi zatosha kufika.

Hapa ndipo penye fundo. Kwa kawaida namba hiyo hubadilika kabisa hata kidoa kimoja tu kikibadilika. Basi picha mbili zilizo kama mapacha hutupwa mbalimbali, moja Kampala, nyingine London.

Dawa ni hesabu ya namna nyingine, waliyoieleza Indyk na Motwani mwaka 1998. Hiyo mara nyingi huvipa vitu vinavyofanana namba moja, ndipo mapacha wakakaa nyumba moja. Hukosea pia, kwa hiyo hurudiwa kwa njia kadha wa kadha, na kila marudio hutaka nafasi na safari zaidi.

Je, taabu hiyo ina faida? Naona inayo. Mwenye orodha ndiye aamuaye tutakachokiona. Kijiji kisicho na mkuu hakifungwi kwa amri moja, lakini kila mkaaji hana budi kubeba sehemu yake ya mzigo. Sisi tuliozoea kupokea tu, tu tayari kubeba?