Ipole: Madereva na Usingizi wa Mafungu

Ukitaka kumjua dereva wa lori aliyechoka, usimtazame machoni. Mtazame anavyolala.

Pale Ipole, wilaya ya Sikonge, barabara ya kutoka Tabora inagawanyika. Moja inanyoosha kwenda Mpanda, nyingine inakata kusini kwenda Rungwa, Chunya hadi Mbeya. Lori likisimama hapo, kila mtu na staili yake. Dereva kajikunja kwenye kitanda cha nyuma ya usukani, mlango wazi, miguu nje. Mwenzake katandika mkeka chini ya tela. Utingo yuko juu ya turubai, jicho moja limefumba, jingine linalinda tangi la mafuta. Saa moja haijaisha, mtu kanawa uso, kapiga chai na andazi, ufunguo unazungushwa. Twende kazi!

Muulize kama amelala, atakwambia amelala sana tu.

Sasa mpenzi msomaji, usidhani sheria za kupumzika ni mambo ya Wazungu peke yao. Ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inasema mfanyakazi asipigishwe kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, na hapo ovataimu imeshahesabiwa. Akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, apewe walau dakika 60 za kupumzika. Na akimaliza kazi ya leo, apumzike saa 12 bila kukatizwa kabla ya kuanza ya kesho.

Ngoja, utamu unakuja. Sheria hiyohiyo inaruhusu zile saa 12 zishuke mpaka 8, kama kuna makubaliano ya maandishi na kama kazi ya mchana ilikatizwa kwa muda usiopungua saa 3. Yaani mafungu yanaruhusiwa: saa 3 mchana, saa 8 usiku.

Tupige hesabu. Jamaa kaondoka Itigi saa 12 asubuhi. Saa 4 yuko Tabora, anakula saa nzima ya mapumziko. Saa 7 mchana yuko Ipole. Anauchapa usingizi mpaka saa 10 jioni, kisha anaingia msitu wa Koga kwenda Mpanda, na saa 3 usiku anazima injini. Kaendesha saa 11. Akiamka saa 11 alfajiri, saa zake 8 zimetimia na hajamkosea mtu.

Ulaya nao wanakata. Dereva wa kule akiendesha saa 4 na nusu lazima apumzike dakika 45, lakini anaweza kuanza na 15 halafu akamalizia 30. Mapumziko yake ya siku ni saa 11. Akitaka kuyagawa, anatoa 3 kwanza kisha 9. Marekani ni saa 10, zinazogawanyika 7 kwa 3 au 8 kwa 2, na lile fungu kubwa liwe la kitandani. Tofauti ni kwamba kule kuna mashine ndani ya gari inayoandika kila kitu. Huku kwetu anayejua nani kalala ni utingo, na utingo naye kalala.

Kasheshe iko kwenye yale maneno "makubaliano ya maandishi". Maandishi gani kwa mtu asiye na mkataba? Mtakumbuka Aprili 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima, na mikataba ya ajira ilikuwa mojawapo ya madai yao. Mtu anayelipwa kwa tripu hana haja ya kusoma kifungu. Simu ya bosi inalia: mzigo unasubiriwa, uko wapi? Basi anaokoteza. Dakika 40 kwenye foleni ya mizani, nusu saa Tabora, saa moja Ipole, anajumlisha kama mwenye duka na kusema kalala saa 2 na ushee.

Mwili haujumlishi hivyo. Kijiusingizi cha dakika 20 kinachangamsha, hilo kweli, lakini hakilipi deni la usiku mzima. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekesha saa 17 anafanya makosa sawa na aliyekunywa pombe kiasi. Na kuna vipindi viwili ambavyo usingizi haubembelezi: kati ya saa 8 na saa 11 usiku, na mchana baada ya chakula. Zamani dawa ya baadhi yao ilikuwa kiroba, mpaka viroba vikapigwa marufuku mwaka 2017. Dawa gani ya usingizi hiyo, mimi sijui!

Hata hizo saa 3 za Ipole si za mchezo. Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, kabini inakuwa tanuri. Ukishusha kioo mbung'o wanaingia, ukipandisha unaiva. Bora kivuli cha mwembe, ila ukikaa mwembeni hulioni tangi.

Wewe wa mjini unaweza kusema hayo yao. Lakini tangu Oktoba 1, 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri saa 24. Saa 9 usiku umeegemea kioo cha basi unakoroma, na anayekuja mbele yako na tani 30 ni huyo wa nusu saa Tabora na saa moja Ipole.

Ugomvi wa mapumziko pande hizi ni wa siku nyingi. Wapagazi wa misafara waliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Oktoba 1871 Stanley, akimtafuta Livingstone, alipumzika siku chache kando ya mto Gombe, kusini-magharibi mwa Tabora (si Gombe ya sokwe). Alipoamuru safari, watu wake wakataka siku moja zaidi. Akakataa. Hawajafika mbali mizigo ikabwagwa chini, wawili wakamkabili na bunduki, naye akainua yake. Ilipoamuliwa, mizigo ikarudi vichwani, safari ikaendelea siku hiyohiyo.