Mstari Mwekundu chini ya Neno Sahihi: Programu ya Kuchakata Matini na Uandishi wa Tasnifu za Kiswahili

Makala haya yanaeleza chanzo cha tatizo linalowakabili wanafunzi wanaoandika tasnifu kwa Kiswahili: programu ya kuchakata matini kutia mstari mwekundu chini ya maneno yasiyo na kosa. Mfano unaochukuliwa ni wa mwanafunzi atokaye Mchombe, kata ya bonde la Kilombero iliyo kwenye njia ya kutoka Ifakara kwenda Mlimba, anayeandika kuhusu msamiati wa wakulima wa mpunga.

Anapoandika “Wakulima hufurahi wanapouvuna mpunga” huku lugha ya ukaguzi ikiwa Kiingereza, sentensi nzima hupigiwa mstari. Zaidi ya hayo, “Nyumba i wazi” hugeuzwa kuwa “Nyumba I wazi”, kwa sababu katika Kiingereza herufi hiyo ikisimama peke yake ni kiwakilishi cha nafsi ya kwanza na huandikwa kwa herufi kubwa. Vivyo hivyo, “taz. sura ya pili” huweza kuwa “taz. Sura ya pili”, kwa kuwa nukta ya kifupisho huchukuliwa kuwa mwisho wa sentensi.

Njia inayokimbiliwa ni kuongeza maneno katika kamusi ya programu, moja baada ya jingine. Njia hii haina mwisho. Neno “wanapouvuna” lina mofimu sita: wa-na-po-u-vun-a. Njeo ikibadilika, hupatikana “walipouvuna” na “watakapouvuna”. Mpunga ukiwa mahindi, hupatikana “wanapoyavuna”. Kwa hiyo, kikagua tahajia cha Kiswahili kinahitaji kanuni za uambishaji, si orodha ya maneno pekee. Uchambuzi wa aina hiyo ulifanywa na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika mfumo wa SALAMA. Aidha, mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft ilitangaza mpango wa kutafsiri programu yake ya Office.

Tatizo, basi, si kukosekana kwa zana, bali ni mazoea ya kuacha mipangilio ya Kiingereza. Athari yake hujitokeza katika usahihishaji. Mwanafunzi akiandika “aupatikani” badala ya “haupatikani”, maneno yote mawili hupata mstari uleule. Onyo linalotolewa kwa kila neno halimwonyi mtu. Hatimaye mwanafunzi hulizima, na kosa halisi humfikia mtahini. Marekebisho yanayofuata humgharimu muda, na pia fedha za kuchapa nakala upya.

Hatua ya kwanza ni kuchagua matini yote na kuweka Kiswahili kuwa lugha ya ukaguzi, au kusakinisha kamusi ya Kiswahili pale isipokuwapo, kama inavyowezekana katika LibreOffice. Hatua ya pili ni kuzima ubadilishaji wa herufi usiotakiwa. Hata hivyo, kikagua tahajia hakitambui “alikua” lililoandikwa mahali pa “alikuwa”, kwani yote mawili ni maneno ya Kiswahili. Tofauti hiyo huonekana kwa msomaji anayefuata maana ya sentensi; kwa hiyo usomaji wa mwisho hubaki kuwa wajibu wa mwandishi mwenyewe.