Tazama Kabla ya Kugusa

Likizo ya Disemba tulialikwa Nyeri na jamaa wenye asili ya Mombasa waliohamia huko kwa biashara. Baada ya Sala ya Ishaa, tukiota moto wa jiko la makaa, mwenyeji wetu alileta ubao wa sataranji. Mwanawe wa miaka 12 aliujua mchezo huo shuleni. "Sheikh wetu," akasema, "tamka neno moja tu, nami nitautia motoni."

Neno tulikuwa nalo ulimini. Hata hivyo tulimwomba kijana acheze nasi kwanza, kwani nasi tulifunzwa na wazee barazani.

Mambo yalikwenda vyema hadi tulipomwona askari wake mmoja hana mlinzi. Mkono ukawasha, tukamla kwa farasi. Kijana akainamisha kichwa. "Samahani, Sheikh. Farasi huyo ndiye aliyekuwa akimlinda malkia wako." Malkia wetu na wake walikuwa wakitazamana, akamla wetu bila gharama. Nayo kanuni ya mashindano ni kali: kete uliyoigusa kwa nia ya kuicheza, sharti uicheze.

Kosa hili haliwapati wanagenzi peke yao. Novemba 2006, mjini Bonn, Ujerumani, bingwa wa dunia Vladimir Kramnik alipambana na programu ya kompyuta iitwayo Deep Fritz. Alimsogeza malkia wake kwa utulivu, asione kwamba hatua moja tu ya mpinzani ingemfunga mfalme wake. Mchezo ukaishia hapo.

Tulimwuliza kijana hujilindaje. Akasema huikalia mikono yake, kisha hujiuliza maswali matatu. Kwanza: mpinzani amesogeza kete hii kwa nini, sasa inafika wapi? Pili: kete yangu nikiiondoa hapa, ninaacha nini bila ulinzi, na huko iendako nani ataila? Tatu: nikishacheza, je, mpinzani aweza kumtishia mfalme wangu, kula kete, au kumvamia malkia? Akiridhika na majibu, ndipo hunyoosha mkono.

Tukaona haya kwa lile neno tulilotaka kulitamka kwa haraka. Fatwa nayo ni kete: ikishatoka, hairudi mkononi. Tukamweleza baba kwa kituo kwamba wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameuona mchezo huu kuwa makuruhu. Ama ukiingiwa na kamari, au ukimpotezea mtu Sala, huwa haramu bila shaka. Basi aangalie Sala ya mwanawe na masomo yake, wala asikimbilie moto.

Baba akanyamaza kitambo, kisha akasogea kwenye ubao na kunyoosha mkono.

"Baba," kijana akasema kwa upole, "tazama kwanza."

Wabillahi tawfiq.