Kiharusi na usukani: «niko muzima» haitoshi



Mu kooperative, shofere mwenye kupeleka magunia ya kahawa na muhogo sokoni ni mutu wa lazima. Akipata kiharusi, ugonjwa ambao waganga wanaita AVC, kisha akaanza tena kutembea na kusema vizuri, wote tunafurahi. Haraka tunamurudishia ufunguo. Hapo ndipo hatari inaanzia.

Kiharusi ni mushipa wa damu mu ubongo wenye kuziba ao kupasuka. Ubongo wa kuume ndio unaongoza upande wa kushoto. Ukiumia, mutu anaweza kusahau kabisa vitu vya kushoto. Macho yanaweza kuwa mazima, lakini ubongo hauhesabu kile kilicho upande ule. Anakula ugali wa kuume mwa sahani na kuacha wa kushoto. Ananyoa shavu moja. Anagonga bega ku mulango.

Kibaya zaidi, mwenyewe hajui. Muganga Mufaransa Joseph Babinski alieleza jambo hilo mu 1914: mukono wa mugonjwa umepooza, naye anakana kama ana ugonjwa. Si uongo, wala si kiburi. Ubongo ambao ungemujulisha ndio umeumia. Tena, kwa watu wengi kusema kunatoka mu ubongo wa kushoto. Kwa hiyo huyu anasema vizuri, na sisi tunaamini amepona.

Kwetu Congo tunaendesha kuume, na gari ya kukutana nayo inatokea kushoto: upande uleule asiouona. Akivuka Uganda, kule wanaendesha kushoto. Hapo atasahau watu na kinga za kando ya barabara.

Mufanye nini?

1. Musimuulize tu «uko sawa?» Atajibu ndiyo, kwa moyo safi. Muulize watu wa nyumba yake wanaona nini.

2. Mutawanye maharagi ku meza mbele yake, kutoka kushoto mpaka kuume. Aokote yote. Akiacha ya kushoto, asiguse gari wala moto; apelekwe kwa muganga.

3. Akiokota yote, bado haitoshi. Maharagi hayakimbii, magari yanakimbia. Muganga ndiye aamue.

4. Musiharakishe. Mu Uingereza, sheria inamukataza mwenye gari ndogo kuendesha mwezi 1 kisha kiharusi, na wa kamio mwaka 1.

5. Mumupatie kazi ingine wakati anangojea, kama kupokea mavuno ku depo pamoja na mwenzake wa kuhakikisha hesabu. Mutu akiogopa kukosa mukate, atalazimisha kuendesha.

Mashofere wote wapimwe tansio, sababu tansio ya juu ndiyo inaleta kiharusi zaidi. Na mukiona mudomo wa mutu umepinda, mukono umelegea ao maneno yanapotea kwa gafula, musingoje kesho: hospitali mara moja.

Ju ya yale magunia kunapandaga mama na watoto wetu. Ufunguo ungoje.